Ua la Sultani na Ndoo ya Newala: Maua ya Nyumbani Yanapoingia Mashindanoni

Sisi wa visiwani tumekulia ndani ya maua. Asumini tunaitunga jioni, kikuba tunamvalisha bi harusi, mawaridi tunayachuma kwa ajili ya marashi, na mrehani haukosi karibu na mlango wa uani. Tumefundishwa pia kwamba mtu akikupa rehani usiirudishe, kwa kuwa ni nyepesi kubeba na harufu yake ni njema. Lakini mwambie mmoja wetu achukue maua aliyoyaotesha mwenyewe ayapeleke kwenye mashindano, mbele ya waamuzi wenye kalamu na karatasi za alama. Atacheka. Atakwambia hayo ni mambo ya Wazungu.

Leo tunataka kulipima neno hilo kwa historia. Tutaondoka kidogo pwani, twende Masasi, mji uliozungukwa na majabali makubwa, kisha tupande Newala, juu ya uwanda wa Makonde. Huko kuna historia inayotuhusu sana sisi wa Unguja, na kuna wanawake wanaootesha maua kwa taabu kuliko sisi. Atakayeisoma historia hii mpaka mwisho tunatumai hataogopa tena meza ya mashindano.

Ua moja, majina matatu

Tuanze na ua ambalo wengi mnalo na hamlijui ukoo wake. Ni lile dogo linalopenda kivuli, lenye petali tano bapa, rangi ya waridi, nyekundu, zambarau au nyeupe. Nyuma yake lina mkia mwembamba kama uzi, na ganda lake likiiva ukiligusa tu linapasuka na kurusha mbegu. Shina lake lina maji mengi, na ukilikata ukalitia kwenye glasi linatoa mizizi. Ua hili ni la kwetu. Asili yake ni Afrika Mashariki, tangu Kenya hadi Msumbiji.

Mwaka 1861 wamisionari wa Kiingereza wa jumuiya ya UMCA walifika nyanda za juu za mto Shire, katika Malawi ya leo. Mmoja wao aliitwa Horace Waller. Huko alifahamiana na John Kirk, daktari na mjuzi wa mimea aliyekuwa kwenye msafara wa David Livingstone wa mto Zambezi. Mwaka 1868 Joseph Hooker, mtaalamu mkubwa wa bustani ya Kew huko Uingereza, aliliandika ua letu kwenye vitabu vya sayansi na kuliita Impatiens walleriana, kwa heshima ya Waller.

Kirk naye alikuja Zanzibar mwaka 1866, akakaa kiasi cha miaka 20 na kupanda cheo hadi kuwa balozi mkuu wa Uingereza. Alikuwa na nyumba na bustani Mbweni, na kila alipopata nafasi alipeleka mimea na mbegu Kew. Miongoni mwa mbegu alizopeleka kutoka Zanzibar zilikuwemo za ua hili. Mwaka 1882 Hooker aliliandika tena akidhani ni jingine, akaliita Impatiens sultani, kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar. Aliyekuwa kwenye kiti wakati huo ni Sayyid Barghash bin Said. Baadaye wataalamu waligundua kwamba ua la Waller na ua la Sultani ni mmea mmoja.

Jina la tatu halikutoka kwa wataalamu. Ua lilipoingia majumbani mwa Ulaya likakaa kwenye madirisha ya jikoni, likachanua miezi na miezi bila kupumzika. Waingereza wakaliita Busy Lizzie, na Wajerumani Fleißiges Lieschen. Maana yake ni moja: Liza mchapakazi. Tuangalie hapo, dada zetu. Kwenye vitabu ua limepewa majina ya wanaume wawili, mmisionari na mfalme. Jikoni, kwa watu waliolimwagilia kila siku, likapewa jina la mwanamke anayefanya kazi.

Kutoka Mbweni hadi Masasi

Mtauliza Masasi inaingiaje hapa. Inaingia kwa mlango wa jumuiya ileile ya Waller. Baada ya maradhi na vifo vingi kule Shire, UMCA ilihamia Zanzibar mwaka 1864. Mwaka 1871 ikanunua shamba Mbweni, na hapo wakawekwa watumwa waliookolewa kwenye majahazi. Mwaka 1873 Sayyid Barghash alitia saini mkataba wa kuzuia biashara ya watumwa kwa njia ya bahari, na soko la watumwa la mjini likafungwa. Kirk ndiye aliyekuwa upande wa pili wa meza ile. Mbweni ikakua, ikawa na skuli ya wasichana iliyoongozwa kwa miaka mingi na Bi Caroline Thackeray, jirani kabisa na bustani ya Kirk.

Wengi wa watu wa Mbweni hawakuwa wa pwani. Walikuwa Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengine waliotekwa bara. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliondoka Zanzibar na zaidi ya 50 kati yao, wanaume kwa wanawake, wakateremka Lindi na kuanza safari ya miguu. Nia ilikuwa kufika karibu na ziwa Nyasa. Walipofika Masasi waliona udongo mzuri, maji yapo, na wengi wao wakajihisi wamekaribia makwao. Wakasema hapa panatosha. Kijiji chao kikaanza Novemba mwaka huo, chini ya yale majabali.

Hawakukaa kwa amani muda mrefu. Septemba 1882 wapiganaji wa Kingoni, waliojulikana huko kama Magwangwara, waliivamia Masasi, wakachoma nyumba na kuchukua mateka. Kazi ya misheni ikahamishiwa Newala, karibu na mtawala wa Kiyao aliyeitwa Matola, kabla ya watu kurudi tena Masasi. Wasichana waliosoma Mbweni nao walikuwa wakiolewa na walimu waliosomea Kiungani, kisha wakifuatana na waume zao bara, Masasi na Newala, kufundisha na kuanzisha kaya upya. Dini yao haikuwa ya wengi wetu. Safari yao, hata hivyo, ni sehemu ya historia ya kisiwa chetu, na wengi wao walitoka mikononi mwa watu wa kisiwa chetu. Hilo halifai kusahauliwa.

Tunalitaja kwenye makala ya maua kwa sababu hii: mhogo unaweza kuupanda ukiwa na hofu, kwa kuwa njaa haisubiri. Ua hupandwa na mtu anayetarajia kuwepo msimu ujao. Unapoona makopo ya maua yamepangwa mbele ya nyumba Masasi leo, uyatazame ukijua ardhi ile imepitia nini.

Walioanza mashindano hawakuwa mabwana wakubwa peke yao

Sasa turudi kwenye lile neno kwamba mashindano ya maua ni ya Wazungu. Tuseme kweli: kwa muda mrefu yalikuwa ya Wazungu matajiri. Chama cha bustani cha Uingereza, kilichoasisiwa mwaka 1804, kilianza maonesho yake makubwa ya machipuko mwaka 1862, na mwaka 1913 yakahamia Chelsea, London, ambako yanafanyika hadi leo. Huko tajiri alishinda kwa kazi ya watunza bustani wake.

Lakini katika miaka hiyohiyo ya 1860, kwenye vichochoro vya Bloomsbury palepale London, kasisi mmoja aitwaye Samuel Hadden Parkes alianzisha mashindano ya maua kwa watu wa kipato cha chini: vibarua, watumishi wa majumbani na watoto. Hawakuwa na ardhi. Walikuwa na dirisha tu na chombo chochote kilichopatikana. Mwaka 1864 Parkes aliandika kitabu kidogo juu ya bustani za madirishani. Watu wale walikuwa waanzaji kabisa, na mashindano yalitengenezwa kwa ajili yao.

Kisa cha pili kinaanzia Tanzania. Mwaka 1892 Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala wa wilaya upande wa Tanga, alikutana na ua la zambarau lenye majani ya manyoya, likiota kwenye miamba yenye unyevu ya Usambara. Akalipeleka kwa baba yake Ujerumani. Mwaka 1893 mtaalamu Hermann Wendland aliliita Saintpaulia ionantha, na mwaka huohuo likaoneshwa kwenye maonesho ya kimataifa ya maua mjini Ghent, Ubelgiji, likawa gumzo. Ua la miamba ya Usambara liliingia mashindanoni Ulaya kabla ya wengi wa bibi zetu kuzaliwa.

Miaka 50 na ushei baadaye, Novemba 1946, wapenzi wa ua hilo walikutana Atlanta, Marekani, kwa onesho lao la kwanza la kitaifa, na chama chao kikazaliwa hapo. Wengi waliolikuza walikuwa mama wa nyumbani, na makopo yao yalikaa madirishani jikoni. Chama hicho kikatengeneza utaratibu wa alama 100 kwa kila mmea. Sehemu kubwa ya alama huenda kwenye mpangilio wa majani, hali ya mmea na wingi wa maua, na rangi hupata alama chache. Kuna sharti jingine zuri: mmea uwe mikononi mwa mshindani kwa angalau miezi 3 kabla ya onesho. Hununui ua leo ukashinda nalo kesho. Kinachohukumiwa ni utunzaji wako.

Kwa hiyo mara mbili mashindano yamefunguliwa kwa watu wa dirishani, na katika hiyo ya pili ua lenyewe lilitoka kwetu.

Newala, ambako ua lina bei yake

Sasa tupande uwanda. Newala iko ukingoni mwa uwanda wa Makonde, upande wa magharibi. Ukisimama pale panapoitwa Shimo la Mungu unaona ardhi inakatika chini yako na bonde la Ruvuma limetandazwa mbali. Mandhari hayo ndiyo pia shida ya Newala. Juu kuna udongo wa kichanga unaokunywa mvua yote. Maji yanashuka chini kabisa na kutokea kama chemchemi kule bondeni.

Wamakonde walikaa juu kwa sababu ya usalama. Watekaji wa watumwa na wavamizi hawakupenda vichaka vizito visivyo na maji. Gharama ya usalama huo ililipwa na wanawake. Mwaka 1906 mtaalamu wa Kijerumani Karl Weule alikaa Newala akichunguza maisha ya watu, naye aliandika juu ya kazi ya kuteka maji bondeni na kuyapandisha. Kazi hiyo iliendelea kwa vizazi: kushuka na mtungi mtupu alfajiri, kupanda na mtungi umejaa jua likiwa kichwani.

Katika miaka ya 1950 ulianza Mradi wa Maji wa Makonde, wa kusukuma maji kwa mashine kutoka bondeni hadi juu ya uwanda. Watu wakawa wananunua maji kwa debe. Tangu miaka ya 1970 Wafini walisaidia kwa muda mrefu miradi ya maji ya Mtwara na Lindi. Chanzo cha Mitema, karibu na Kitangari, kinategemewa hadi leo na watu wa Newala na Tandahimba. Hata hivyo pampu inapolala, ndoo hurudi kichwani, na ndoo hiyo ina mgao wake: kunywa, kupika, kutawadha, kuoga, kufua. Ua linakuja mwisho wa mstari.

Sisi tunaofungua bomba uani tunafundishwa tusifuje maji hata tukiwa kando ya mto. Mwanamke wa Newala hana haja ya kukumbushwa. Ua lake linakunywa maji yaliyokwisha fanya kazi nyingine: ya kuoshea mchele, ya kuoshea mboga, ya kusuuzia vyombo yasiyo na sabuni. Ukilikuta ua linachanua mlangoni mwa nyumba ya Newala mwezi wa Agosti, umekuta mipango ya miezi kadhaa.

Nane Nane huja kiangazi

Kwa nini tunataja Agosti? Kwa sababu meza ya mashindano iliyo karibu zaidi na mwanamke wa Masasi au Newala ni maonesho ya wakulima ya Nane Nane. Kanda ya Kusini, yaani Lindi na Mtwara, hukutana kwenye viwanja vya Ngongo, Lindi. Halmashauri huandaa mabanda na vipando, na washindi hupewa vikombe na vyeti. Kwetu Zanzibar maonesho kama hayo yamekuwa yakifanyika Dole. Mengi yanayooneshwa ni chakula na biashara: ufuta, mihogo, mbaazi, mifugo, korosho. Maua yapo pembeni, na pembeni ndipo penye nafasi kwa anayeanza.

Ugumu ni tarehe. Kusini mvua ni za msimu mmoja, tangu Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Tarehe 8 Agosti ni katikati ya kiangazi, na ardhi imekauka. Wakati huo mti unaochanua kwa wingi juu ya uwanda ni mkorosho, wenye vijiua vidogo vyeupe na vya waridi. Vijiua hivyo hupigwa salfa visiharibiwe na ukungu, kwa sababu ada za skuli zinavitegemea. Hakuna anayeviita maua ya urembo, lakini tazama jinsi vinavyoangaliwa kila asubuhi. Mwanamke anayeweza kulisoma ua la mkorosho, akajua lini limeshikwa na ukungu na lini litafunga tunda, ana jicho la mwamuzi tayari. Anachokosa ni kuzoea masharti ya meza.

Kwa anayeanza

Haya ndiyo tuliyoyatoa kwenye historia hii, kwa mwenzetu wa Newala, Masasi, Unguja au Pemba.

*Soma masharti kabla ya kupanda.* Kwenye mashindano ya Waingereza kosa linalowatoa waanzaji wengi ni idadi. Ukiambiwa mashina 5 ukaleta 6, unaondolewa hata kama maua yako ndiyo mazuri kuliko yote. Waulize waandaaji: mmea wa kopo au maua ya kukata? Mangapi? Chombo chako au chao?

*Hesabu kurudi nyuma.* Lile ua la Sultani ukilikata tawi mwishoni mwa Mei ukalitia kwenye maji, kwa kawaida baada ya wiki 2 lina mizizi. Lihamishie kwenye kopo lililotobolewa chini, udongo wa mboji na mchanga kidogo. Liweke kivulini. Kufikia Agosti litakuwa limejaa.

*Geuza kopo.* Mmea unaelekea mwanga. Ukiugeuza robo duara kila baada ya siku chache unakua umeviringana vizuri, na kumbuka umbo na mpangilio vina alama nyingi kuliko rangi.

*Vunja machipukizi ya ncha mapema* ili litoe matawi. Ukiona vichwa vya maua vya kwanza wakati onesho bado liko mbali, usivionee huruma. Wakuzaji wa ua la Usambara huviondoa hadi zibaki wiki 6 hadi 8, kisha wanauacha mmea uchanue kwa pamoja.

*Chagua ua kulingana na maji yako.* Juu ya uwanda, waridi la jangwani lenye shina nene linalohifadhi maji litakuhurumia kuliko ua la kivuli. Bogenvilia nayo ikishashika haidai mengi. Masasi chini, penye visima, una uhuru zaidi.

*Maua ya kukata yachumwe alfajiri au jioni ya jana.* Kata shina mshazari, ondoa majani yatakayozama majini, kisha yaache kwenye ndoo ya maji mahali pa baridi usiku kucha. Kutoka Newala hadi Ngongo ni safari ya saa nyingi ndani ya gari lenye joto. Ua lisilokunywa vizuri usiku litafika limeinama.

*Usafi kabla ya kila kitu.* Futa vumbi kwenye majani, ondoa jani la njano na ua lililonyauka, safisha kopo. Kopo la mafuta ya kupikia halina ubaya wowote likiwa safi.

*Andika jina la ua na jina lako.* Hili tunalisisitiza. Maua ya nchi hizi yamezunguka dunia yakiwa na majina ya Waller, ya Sultani na ya Saint Paul. Mikono mingi iliyoyatunza, hapa na huko, haikuandikwa mahali popote. Kikaratasi kilichobandikwa kwenye kopo ni kitu kidogo, lakini kinasema nani alibeba maji.

Mara ya kwanza pengine hutapata kikombe. Utaona ya wenzako yamekatwaje, utamsikia mwamuzi anasifu nini, na utarudi nyumbani na mbegu mbili tatu za kubadilishana. Waanzaji wa Bloomsbury na wa Atlanta walipita njia hiyohiyo. Na kama wewe ni wa visiwani na una ndugu au shoga yako Masasi au Newala, mpelekee tawi la ua la Sultani limefungwa kwenye kitambaa kibichi. Mwambie limetoka Unguja, na kwamba ukoo wake ni wa bara hilohilo alilopo yeye. Mwenyezi Mungu aibariki mikono yenu, na ayatie baraka maji yenu.